Gari lililovuta kulia breki zikikanyagwa na kushoto zikiachiwa: uchambuzi wa kisa

Jina la mwenye gari, namba za gari, mji na gereji zote mbili zilizohusika vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye karatasi ya kazi.

Gari lenyewe

Ni stesheni wagoni ndogo ya Kijapani ya mwaka 2006, injini ya petroli ya cc 1500, usukani kulia, inavutwa na magurudumu ya mbele. Dashibodi ilisoma kilomita 214,000. Mbele ina diski na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni moja, nyuma ina dramu (ngoma inayosuguliwa kwa ndani na viatu vya breki). Laini za oili ya breki zimepangwa kimkingamo: moja inahudumia mbele kushoto na nyuma kulia, nyingine mbele kulia na nyuma kushoto. ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwenye breki kali) ipo na taa yake ilikuwa inawaka na kuzima kama kawaida.

Kazi ya gari hilo ni kusambaza bidhaa za duka kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania, mzigo wa kilo 200 hadi 300 kila asubuhi. Usiku hulala karibu na bahari, kwa hiyo kila nati ya chini ilikuwa na kutu ya chumvi. Hilo lilikuja kuwa na maana wakati wa kufungua.

Malalamiko

Dereva alieleza hivi: "Nikikanyaga breki usukani unakimbilia kulia. Nikiachia, gari linataka kurudi kushoto lenyewe, halafu linakuwa zito."

Kwenye karatasi ya gereji ya kwanza kuliandikwa maneno matatu tu: "breki zinavuta kulia". Nusu ya pili ya maelezo haikuandikwa, na fundi aliyefuata alifanyia kazi kile alichokikuta kwenye karatasi. Miezi miwili ya gharama ilitokana na sentensi hiyo iliyokatwa.

Tatizo lenyewe si dogo. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalovuta kulia linakupeleka uso kwa uso na wanaokuja. Kuna jambo jingine pia: barabara nyingi zimeinama kidogo kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatiririke, hivyo gari zima kabisa linaweza kuegemea kushoto kidogo ukiachia usukani. Kuvuta kulia hakuwezi kusingiziwa mwinamo wa barabara. Ukikuta gari linavuta kulia, jua kuna kitu kwenye gari.

Gereji ya kwanza ilifanya nini

Walianza vizuri. Walipima upepo wa tairi, wakabadilishana tairi za mbele kushoto na kulia, wakaenda barabarani tena. Mvuto ulibaki kulia. Hapo tairi zilikuwa zimeshaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Baada ya hapo wakafanya alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu. Hatua hii haikuwa na sababu, kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda wima bila breki. Alaimenti mbovu humsumbua dereva muda wote, haingoji mguu uguse pedali.

Kisha wakaweka pedi mpya na kukata uso wa diski zote mbili za mbele kwenye mashine ili unyooke. Mvuto ukabaki palepale. Wiki kadhaa baadaye dereva alirudi akisema gurudumu la mbele kushoto linanuka na rimu yake haishikiki kwa joto. Fundi akaona amepata jibu: kalipa ya kushoto imejam. Ikanunuliwa kalipa ya mtumba, ikafungwa kwa mpira ule ule wa breki (bomba la raba linalopeleka oili kwenye kalipa) uliokuwapo. Kwa siku mbili dereva alidhani mambo yamekwisha, kisha yote yakarudi, kuvuta kulia pamoja na joto la kushoto.

Hapo ndipo gereji ile ilipokwama kimawazo. Kanuni inayojulikana na kila fundi ni kwamba gari huvuta kuelekea upande unaoshika zaidi. Likivuta kulia, basi kulia kunashika na kushoto kumelala. Lakini gurudumu la moto lilikuwa la kushoto! Gurudumu lililolala linapataje moto kuliko linalofanya kazi? Pendekezo lililofuata lilikuwa kununua kalipa ya kulia nayo, na mwenye gari akakataa, akalipeleka gari kwingine.

Siku ya uchunguzi

Gereji ya pili iliandika malalamiko upya, maneno yote ya dereva, kisha ikakataa kuinua gari kwanza. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwenda barabarani gari likiwa limepoa, bila mzigo, kwenye kipande kilichonyooka kisicho na magari. Upepo wa tairi ulipimwa kabla ya kuondoka: psi 32 na 33 mbele.

Breki zilikanyagwa kutoka kilomita 60 kwa saa kwa namna mbili tofauti.

Mara ya kwanza, mguu ulishuka haraka na kwa nguvu. Gari liliruka kulia karibu mita moja kabla usukani haujashikiliwa. Mara ya pili, pedali ilikanyagwa kwa nguvu ya wastani na kushikiliwa hapo hapo kwa sekunde nne. Mvuto ulikuja mwanzoni, ukapungua, na kabla gari halijasimama ulikuwa umekwisha. Breki zilipoachiwa na gari kuondoka, usukani ulivutika kushoto kwa mita kama hamsini kisha ukatulia.

Jaribio hilo la pili ndilo lililofungua kisa. Kalipa iliyojam kwa kutu, pini iliyokwama au pedi yenye mafuta humvuta dereva tangu mwanzo wa breki hadi mwisho. Mvuto unaokuja na kuondoka pedali ikiwa imetulia unaonyesha kwamba upande mmoja unachelewa kupata presha, na ukishapata unakuwa sawa na mwenzake. Mvuto wa kinyume baada ya kuachia unaonyesha kwamba upande ule ule unachelewa pia kuitoa.

Joto lilipimwa kwa kipimajoto cha kulenga, mara mbili na kwa makusudi mawili. Kwanza, gari likiwa limepoa, breki moja tu kutoka kilomita 60 hadi kusimama, kisha kupima pale pale kabla ya kuliondoa. Diski zote zilianza kwenye nyuzi 38. Baada ya breki hiyo moja kulia kulisoma 71 na kushoto 57. Pili, baada ya mwendo wa kawaida wa kilomita 10 ndani ya mji, kulia kulisoma 74 na kushoto 187.

Namba hizo mbili hazipingani. Ya kwanza inaonyesha nani amefanya kazi ya kusimamisha gari: kulia. Ya pili inaonyesha nani ameendelea kusugua baada ya mguu kuondoka: kushoto. Gereji ya kwanza iliona namba ya pili peke yake, kwa kiganja cha mkono kwenye rimu, ikadhani inasoma ya kwanza.

Kipimajoto cha aina hii hudanganya kikilengwa kwenye uso wa diski unaong'aa, kwa sababu chuma king'aavu husomeka baridi kuliko kilivyo. Kilengwe kwenye kitovu cha diski chenye rangi ya kutu, mahali pale pale kwa pande zote mbili.

Kufunga gurudumu na kutafuta presha iliponaswa

Gari liliinuliwa mbele na kuwekwa juu ya stendi, gia ikiwa nyutro. Msaidizi alikanyaga breki kwa nguvu kwa sekunde tano, akaachia. Gurudumu la kulia lilizunguka mara moja. La kushoto halikuzunguka kwa mikono miwili. Lililegea lenyewe baada ya kama sekunde 40.

Katika sekunde hizo 40 kuna kazi ya kufanya, na mpangilio wake ndio unaotofautisha ubovu mmoja na mwingine. Gurudumu lilifungwa tena, kisha:

1. Ililegezwa nusu mzunguko nati ya paipu ya chuma pale inapoingia kwenye mpira wa breki, kwa juu, ndani ya matao ya gurudumu. Lilitoka tone moja bila nguvu. Gurudumu likabaki limefungwa.
2. Ililegezwa nipo ya kutolea upepo (skrubu yenye tundu la kuondolea hewa kwenye oili) kwenye kalipa yenyewe. Oili iliruka kama mshale mfupi, na papo hapo gurudumu likawa huru.

Kama gurudumu lingeachia kwenye hatua ya kwanza, presha ingekuwa imenaswa juu zaidi: masta silinda (pampu kuu ya oili inayosukumwa na pedali) isiyorudi, ufito wa pedali uliorefushwa kupita kiasi, au kitengo cha ABS. Kama lingebaki limefungwa hata baada ya hatua ya pili, oili isingekuwa na kosa. Pistoni au pini za kalipa ndizo zingekuwa zimeshika kwa kutu. Hapa presha ilikuwa chini ya nati na juu ya nipo, na katikati ya vitu hivyo viwili kuna kitu kimoja tu: mpira wa breki wa urefu wa kama sentimita 40.

Kabla ya kuukata mpira lilifanyika jaribio la kuthibitisha lisilohitaji kifaa chochote. Nati ilikazwa, chupa mbili zikawekwa chini, na nipo za pande zote mbili zikafunguliwa bila mtu kugusa pedali, oili ishuke kwa uzito wake wenyewe. Kulia kulidondoka tone kila sekunde. Kushoto kulikaa kimya kwa nusu dakika, likaja tone moja, kukanyamaza tena.

Katika hatua hii hakuna kipuri kilichokuwa kimenunuliwa. Kazi ilikuwa imechukua saa moja na nusu, safari za barabarani zikiwamo.

Ndani ya mpira

Kwa nje mpira ule ulikuwa mzuri kuutazama: haukuwa na ufa, haukuvuja, haukuvimba hata breki zilipokanyagwa. Uliwekwa kwenye jiliwa na kupasuliwa kwa urefu wake kwa kisu chenye makali. Sentimita nne juu ya kichwa cha chini, pale unapounganishwa na kalipa, tabaka la ndani la raba lilikuwa limechanika na kuning'inia kama ulimi, likielekeza ncha yake chini, kwenye kalipa.

Ulimi ule ulifanya kazi ya vali. Pedali inapokanyagwa, presha kutoka masta silinda ni kubwa, inausukuma ulimi na kupenya kwa shida. Ndiyo maana kushoto kulichelewa kwa sekunde moja au mbili. Pedali inapoachiwa, kinachotakiwa kuirudisha oili ni mnyumbuko mdogo wa sili ya pistoni (pete ya raba inayoizunguka), unaoivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Nguvu hiyo haitoshi kuufungua ulimi. Badala yake oili inayorudi inaubana zaidi. Pedi zinabaki zimeigusa diski, diski inapata moto, gari linakuwa zito.

Kwa nini ulichanika hapo? Kwenye sehemu ile ile, kwa nje, kulikuwa na alama hafifu ya mkunjo. Hivyo ndivyo mpira unavyokunjika kalipa ikiachwa ining'inie juu yake wakati pedi zinabadilishwa. Kalipa ina kilo kadhaa, na mpira uliokwisha kukakamaa kwa miaka unapopindwa kwa uzito huo, tabaka la ndani hupasuka huku la nje likibaki zima. Nani aliining'iniza na lini, karatasi za gari haziwezi kusema. Mvuto ulikuwapo hata kabla ya gereji ya kwanza kugusa pedi. Kinga yake ni waya wa sentimita 30 uliokunjwa ncha zote mbili kama ndoano, upande mmoja kwenye springi ya shokapu na mwingine kwenye kalipa.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuondolewa shaka. Mtu akimimina kwenye kopo la breki oili ya injini, ya gia au ya pawa stelingi, raba zote za mfumo huvimba: mipira, sili za kalipa, vikombe vya masta silinda. Ikiwa hivyo, kubadili mpira mmoja ni kazi bure, kwa kuwa kila raba iliyoguswa lazima itoke. Kulipima jambo hili ni rahisi. Vuta oili kidogo kutoka kwenye kopo kwa bomba la sindano, idondoshe kwenye glasi ya maji, koroga. Oili ya breki huyeyuka na maji yanabaki mamoja. Oili ya madini huelea juu kwa utando. Hapa iliyeyuka yote. Ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, yaani imezeeka, lakini haikuchanganywa na kitu.

Kilichoonekana kalipa ilipofunguliwa

Pedi za mbele zilikuwa na miezi miwili. Kulia zilipima mm 8.4 na 8.3. Kushoto ya nje ilikuwa 9.0 na ya ndani 7.2.

Tofauti hiyo ya karibu milimita mbili kati ya pedi za gurudumu moja haiwezi kuletwa na mpira. Mpira hupeleka presha kwenye pistoni. Baada ya hapo, ni pini mbili za kalipa zinazoiruhusu iteleze ili pedi ya nje nayo iguse. Pini ikikwama, ya ndani inaliwa na ya nje inabaki nene. Kwa hiyo kulikuwa na ubovu wa pili, mdogo, nyuma ya ule mkubwa.

Pini ya chini ilitoka kwa kuvutwa na plaizi. Kwenye aina hii ya kalipa pini moja ina kipete cha raba kwenye ncha, nyingine ni chuma kitupu, na kila moja ina tundu lake. Kalipa ya mtumba ilikuwa imefungwa pini zikiwa zimebadilishana matundu, na zote zimepakwa grisi ya kawaida ya bearingi. Grisi hiyo ni ya madini. Kipete cha raba kilikuwa kimevimba kama haragwe lililolala ndani ya maji.

Mengine yalikaguliwa haraka na kuachwa. Bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshikilia gurudumu), bolijointi na tairodi, yaani viungo vya gurudumu na usukani, hazikuwa na mchezo. Bushi ya nyuma ya loa amu ni ya kuangaliwa kila mara kwenye kisa cha namna hii, kwa sababu ikichanika gurudumu hurudi nyuma breki zikikanyagwa, na usukani huvuta hata kama breki zenyewe ni nzima. Dramu za nyuma zilifunguliwa: viatu mm 3.5 pande zote, wili silinda (silinda ndogo zinazosukuma viatu) kavu.

Matengenezo na sababu za kila uamuzi

*Mipira yote miwili ya mbele ilibadilishwa, ingawa wa kulia ulikuwa mzima.* Ilikuwa ya umri mmoja. Zaidi ya hapo, mpira mpya ulio mgumu upande mmoja na mzee unaotanuka upande mwingine ni njia ya kutengeneza mvuto mpya. Bei ya yote miwili ilikuwa chini ya ile kalipa ya mtumba.

Nati za paipu za mm 10 zilikuwa zimeshikwa na kutu. Zilipuliziwa oili ya kulegeza kutu jioni na kuachwa hadi asubuhi, kisha zikafunguliwa kwa spana ya paipu, ile ya pete iliyokatwa mdomo, inayokamata pande tano za nati. Spana ya mdomo wazi ingeviringisha kona zake, na hapo kazi ya mpira inageuka kazi ya kutengeneza paipu nzima.

Mpira mpya ulifungwa kwanza upande wa kalipa, kwa washa mbili mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa, boliti ikikazwa kwa karibu Nm 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Washa za zamani zimeshabanwa zikachukua umbo la mahali pake. Zikirudishwa huvuja polepole. Kisha upande wa paipu, kisha klipu. Usukani ulipigwa kona hadi mwisho kulia na kushoto kuangalia kama mpira haujajikunja wala haugusi tairi.

*Pini, kipete na kinga za raba za kushoto zilibadilishwa*, kila pini ikarudi kwenye tundu lake kwa kulinganisha na kalipa ya kulia. Zilipakwa grisi ya silikoni ya breki, utando mwembamba. Grisi ikijaa tunduni inabana hewa na pini inarudi nje kama springi.

*Kalipa ya mtumba iliachwa.* Pistoni yake ilirudi ndani kwa kusukumwa kwa jiliwa dogo la mkono bila kukwaruza, nipo ikiwa wazi, na kinga ya vumbi ilikuwa nzima.

*Pedi zilisuguliwa, hazikubadilishwa.* Za kushoto zilikuwa zimeng'aa kama kioo kwa moto. Kwa kuwa zilikuwa na unene wa kutosha na hazina ufa, zilipitishwa msasa namba 80 juu ya bamba lililonyooka hadi mng'ao ukaondoka, zikiwa zimeloweshwa ili vumbi lisiruke. Kilichotokana na uamuzi huu kinaelezwa hapo chini.

*Oili ilibadilishwa yote*, DOT 3 (daraja la oili ya breki) kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, lita moja. Ya zamani ilikuwa ya kumwaga tu: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishavuta unyevu kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140, na kalipa ya kushoto ilikuwa na miezi ya joto. Upepo ulitolewa kuanzia nyuma kushoto, gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda kwenye gari la usukani kulia, hadi oili safi ikaonekana kwenye mpira wa chupa kwa magurudumu yote manne. Kipande cha ubao cha inchi mbili kiliwekwa chini ya pedali. Kwenye gari la umri huu, pedali ikizamishwa hadi chini, vikombe vya masta silinda vinapita sehemu ya silinda ambayo havijaigusa kwa miaka, penye kutu na uchafu, na vinachanika. Gari lililokuja na gurudumu moja bovu linaondoka na masta silinda mbovu.

Nati za magurudumu zilikazwa kwa Nm 103.

Matokeo

Jaribio la breki moja kutoka kilomita 60 lilirudiwa, diski zikianzia nyuzi 39: kulia 66, kushoto 64. Baada ya kilomita 10 za mjini: kulia 71, kushoto 73. Gari lilisimama wima usukani ukiwa umeguswa kwa vidole tu, kwa breki ya ghafla na ya kushikilia.

Baada ya kilomita 500 gari lilirudi kwa ukaguzi. Washa za shaba zilikuwa kavu. Dereva alikuwa na neno moja: akiwa na mzigo mzima na breki zikishapata moto, gari linaegemea kulia kidogo. Jaribio lilithibitisha. Gari likiwa baridi halikuvuta kabisa. Baada ya breki nane mfululizo mvuto mdogo ulikuja. Pedi za kushoto zilikuwa zimeng'aa tena. Seti nzima ya pedi za mbele, kushoto na kulia, ilibadilishwa, na zikazoezwa kwa kupunguza mwendo mara kumi kutoka kilomita 50 hadi 10 bila kusimama, kwa nafasi ya nusu dakika kila mara. Mvuto haukurudi.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni jaribio la kushikilia pedali kwa sekunde nne. Halihitaji kifaa, na lilitenganisha ubovu wa presha na ubovu wa msuguano kabla gari halijaguswa. Gereji ya kwanza nayo ilienda barabarani, lakini ilikanyaga breki kwa namna moja tu, kwa ghafla, na kwa breki ya ghafla mpira ulioziba na kalipa iliyojam vinahisika sawasawa mikononi.

Kubadili kalipa kulionekana kusaidia kwa siku mbili, na jambo hilo linapoteza mafundi wengi. Kalipa ilipofunguliwa presha iliyonaswa ilitoka, na upepo ulipotolewa, pedali ilipokanyagwa mara nyingi nipo ikiwa wazi, ulimi wa raba ulilala upande. Ulichukua siku mbili kusimama tena. Kila unapofungua kalipa kwa sababu ya gurudumu linaloshika, fanya kwanza ule mpangilio wa nati ya juu kisha nipo. Ni dakika tano, na baada ya kufungua kalipa ushahidi umeshamwagika sakafuni.

Ununuzi wa mtumba haukuwa kosa lenyewe. Ile kalipa bado inafanya kazi. Kosa ni kuifunga bila kuosha pini na bila kulinganisha matundu. Ubovu wa pini uliletwa na matengenezo, na kama vipimo vya pedi visingeandikwa, gari lingetoka likiwa na mpira mpya na mvuto mdogo ambao ungelaumiwa kwa mpira huo.

Kusugua pedi kulikuwa kosa la gereji ya pili. Msasa uliondoa ngozi ya juu, lakini gundi inayoshika chembe za pedi ilikuwa imeshaungua ndani zaidi. Unene wa mm 7.2 ulimshawishi fundi kwamba pedi bado ina maisha, ilhali unene hausemi chochote juu ya moto uliopita. Kipimo cha pedi iliyopita nyuzi nyingi ni rangi ya ubavuni: ikiwa imepauka kuelekea kijivu cha majivu karibu na diski kuliko karibu na bamba, iende jalalani pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Za gari hili zilikuwa zimepauka hivyo, na picha iliyopigwa siku ya kwanza inaonyesha.

Na ile sentensi ya dereva. Karatasi ya kazi ya gereji ya pili sasa ina mistari miwili tofauti kwa magari yanayovuta: mmoja ni "mguu ukiwa juu ya breki", mwingine ni "mguu ukishaondoka", na wa pili haukubaliki kuachwa mtupu.